RANGI YA DAMU YA MZEE

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu)

Wasomaji wa gazeti letu wamezoea kusoma humu habari za safari, za michezo na za mijadala. Leo naomba ruhusa niwaeleze habari za kichwa cha garimoshi kisicho na chuma hata kidogo, kisichopata kukanyaga reli ya kweli, na ambacho kilinitia aibu kubwa kabla ya kunipa furaha. Kichwa hicho kimo ndani ya kompyuta.

Mjomba wangu ana duka mjini Arusha, karibu na soko la Kilombero. Kazi yake ni kuchapa barua za watu na kutoa nakala. Katika likizo humsaidia, na jioni wateja wakiisha huniachia kompyuta moja kuukuu. Mwaka jana niliingiza humo programu iitwayo Open Rails, ambayo hutolewa bure kwa kila aipendaye. Programu hiyo huiga kazi ya dereva wa treni. Ukikaa mbele yake waona reli, ishara, milima na stesheni. Waongeza nguvu ya injini, wafunga breki, na ukichelewa kuifunga waipita stesheni, na abiria wako wabaki wamekodoa macho. Asili yake ni mchezo wa kampuni ya Microsoft uliotoka mwaka 2001. Kampuni ilipoacha kuushughulikia, wapenzi wa treni wa nchi mbalimbali walishirikiana wakatunga programu yao wenyewe, inayoweza kutumia vichwa na njia zilizotengenezwa kwa ajili ya mchezo ule wa kwanza.

Labda mtu atauliza, kijana wa Arusha na treni wapi na wapi? Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Waingereza wakaiendeleza mpaka mjini kwetu mwaka 1929, mwendo wa kilomita 86 hivi. Lakini sisi tuliozaliwa miaka ya karibuni tulikua tukiiona reli imefunikwa na nyasi, na mbuzi wakila katikati yake. Kisha mwezi wa Oktoba, mwaka 2020, treni ya abiria ikafika tena kutoka Dar es Salaam. Nilikuwa Darasa la Tano. Mama alinichukua stesheni. Umati ulikuwa mkubwa, nami sikuona kitu ila migongo ya watu. Mara nikasikia honi, na ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyangu. Tangu siku ile ugonjwa wa treni haujanitoka.

Basi, katika programu hiyo vichwa vya Ulaya na Marekani ni tele, lakini cha kwetu sikukipata. Nikaazimia kukitengeneza.

Yafaa nieleze namna kazi hii inavyofanywa. Umbo la kichwa cha treni katika kompyuta ni kama mwili usio na nguo. Nguo yake ni picha bapa, ambayo vipande vyake vimetandazwa kimoja kimoja: ubavu, paa, uso wa mbele, mlango wa dereva. Mfano wake ni kitambaa alichokikata fundi cherehani kabla hajakishona. Anayepaka rangi hatengenezi umbo jipya. Huitwaa ile picha bapa akaipaka, nayo programu huivisha. Kazi yaonekana rahisi, lakini mstari ukipotoka nukta mbili tu katika kipande cha mlango, utaonekana umekatika, kama suruali iliyoshonwa usiku wa mkesha wa sikukuu.

Nilipata umbo la kichwa cha dizeli lililofanana na aina ya 90 ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki. Aliyelitengeneza ameandika kwamba aruhusu watu kulipaka upya, mradi wasiliuze. Vichwa vya kweli vya aina hiyo vilijengwa Uingereza na kampuni ya English Electric, vikaanza kuja Afrika ya Mashariki mwaka 1960, kila kimoja kikiwa na nguvu za farasi 1,840. Ndivyo vichwa vya dizeli vya kwanza vya shirika hilo katika njia kuu, na baada ya kuja kwavyo siku za mvuke zikaanza kuhesabika.

Kuhusu rangi, sikumwuliza mtu. Nilisema moyoni, nchi yetu ni ya kijani, basi na kichwa kiwe cha kijani. Nikapaka kijani kibichi, nikazungusha na mkanda wa manjano kwa kuipenda bendera yetu. Ubavuni nikaandika EAR&H kwa herufi kubwa, chini yake nambari 8704, na katika karatasi ya maelezo nikaandika: “Kichwa cha dizeli, mwaka 1975.” Kwa hakika kilipendeza macho, nami nikajiona fundi.

Siku ya Wazazi ilipofika, Mwalimu wa Fizikia akanipa meza katika chumba cha kompyuta, picha ikitupwa ukutani kwa projekta. Wazazi wakajaa, wanafunzi wakasimama juu ya viti. Nikaondoa treni yangu taratibu, ikapita mbele ya macho yao ikionyesha ubavu wa kushoto, wakapiga makofi. Kisha ikaingia kona ikaonyesha ubavu wa kulia. Makofi yakanyamaza. Herufi zote zilikuwa zimegeuka, kama maandishi yanayosomwa katika kioo! Sikuwa nimejua kwamba umbo lile lilivaa kipande kimoja pande zote mbili, upande mmoja kikiwa kimepinduliwa. Wenzangu wakaanza kuzisoma herufi kwa sauti kutoka nyuma kwenda mbele, na kicheko kikajaa chumba.

Palikuwa na mzee mmoja aliyevaa koti na kofia ya pama, amekuja na mjukuu wake wa Kidato cha Kwanza. Yeye hakucheka. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia ukuta, akakiangalia kichwa changu kwa muda mrefu. Nikamwamkia.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Ni wewe uliyepaka hiki?”

“Ndimi, babu.”

“Una mkono mwepesi. Lakini kichwa hiki hakikupata kuwako duniani.”

Akanieleza, bila kupaza sauti, kwamba aliajiriwa mwaka 1965 katika karakana za reli za Nairobi, na kazi yake ilikuwa kupaka rangi. “Herufi hizi za EAR&H,” akasema, “zilikoma mwaka 1969, reli ilipotengwa na bandari. Baada ya hapo tuliandika EAR peke yake. Nambari za 87 nazo zilikuja baadaye, vichwa vile vile vya 90 vilipobadilishwa nambari. Wewe umemvika bwana harusi kanzu ya jana na viatu vya kesho. Na kijani hiki, mjukuu wangu, ni cha nani? Sisi tulipaka damu ya mzee.”

Wasomaji wadogo huenda wasijue rangi hiyo. Damu ya mzee ni wekundu uliokolea, ulioingia weusi kidogo, kama damu iliyokauka. Wazee wetu huitaja hivyo mpaka leo.

Nilikuwa nimekwisha kuaibika, na mwenye aibu hujibu ovyo. Nikasema, “Babu, huu ni mchezo tu.”

Akanitazama. “Mchezo ni wako,” akasema. “Jina uliloliandika ubavuni ni letu.”

Neno hilo lilinikaa rohoni usiku kucha. Nilikuwa nimeona kichwa cha treni kama kitu kisicho na mwenyewe, ambacho mtu aweza kukivika apendavyo. Sikufikiri kwamba kila herufi ya kile cha kweli iliandikwa na mkono wa mtu, na kwamba mtu huyo aweza kuwa hai, anaishi Usa River, na mjukuu wake asoma shule moja nami.

Jumamosi iliyofuata nilipanda daladala ya Usa River, nimechukua kompyuta mpakato ya mjomba katika mfuko. Nyumba ya Babu imo kati ya migomba na mibuni michache, na siku isiyo na mawingu waona Mlima Meru wote, mita 4,566, kana kwamba umesimama uani. Bibi alinikaribisha kwa bakuli la loshoro. Nilipomwomba Babu msamaha kwa jibu langu la siku ile, aliniambia nile kwanza, maana mwenye njaa hatubu vizuri.

Tulipomaliza akanifundisha kanuni yake ya kazi: mwaka kwanza, rangi baadaye. Asiyejua mwaka hawezi kujua herufi, wala nambari. Nikafungua daftari nikaandika. Mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ya Tanganyika, na herufi zikawa EAR&H. Mwaka 1963 ilifunguliwa njia ya kutoka Ruvu mpaka Mruazi, iliyounganisha Reli ya Kati na reli yetu ya Tanga. Kabla ya hapo, anayepaka treni iliyotoka Dar es Salaam moja kwa moja kwa reli ya nchini ikaja Arusha anapaka ndoto. Mwaka 1969 zikawa EAR. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa hapa hapa Arusha, ilivunjika, na Tanzania ikaunda shirika lake, TRC. Mwaka 2007 zikawa TRL, na mwaka 2017 sheria mpya ikarudisha jina la TRC. Nikaona kwamba mtu aweza kusoma historia ya nchi tatu ubavuni mwa kichwa cha treni, akijua tu kuhesabu herufi.

Aliposema habari za mwaka 1977 sauti yake ilipungua. Mwezi wa Februari mwaka ule mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, nao haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Yeye alirudi nyumbani na sanduku moja la bati. Rafiki zake wa karakana, Wakenya na Waganda, wengine hakuwaona tena.

Nilimwuliza kama alipaka dizeli tu. Akacheka. Akanieleza habari ya magari makubwa ya mvuke ya aina ya 59, yaliyojengwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester. Yalikuwa 34, kila moja uzito wake kama tani 250, na karibu yote yalipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Milima ya kwetu ilikuwamo: Meru, Monduli, Longido, Gelai, hata Lengai. Lakini yalikuwa mazito mno kwa reli za huku. Yalifanya kazi katika njia ya Mombasa na Nairobi. Kwa hiyo gari lililoitwa Mount Meru halikupata kuuona Mlima Meru.

“Nililipaka rangi mara mbili kwa mikono yangu,” akasema Babu, “na mlima wenyewe nilikuwa nimeuacha nyumbani.”

Magari mawili ya aina hiyo yamehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi, nayo ni Mount Gelai na Mount Shengena. Nilimwonyesha picha zake. Akasema rangi ni ile ile, maana dizeli na mvuke walichotewa pipa moja, lakini akanionya nisichukue rangi kutoka katika picha. Picha huchujuka, na chombo kinachokaa juani hupakwa tena na watu wasiokuwako mwanzo.

Basi tukaja kwenye rangi yenyewe. Katika kompyuta kila rangi huchanganywa kwa nuru tatu, nyekundu, kijani na bluu, na kila moja hupimwa kuanzia 0 mpaka 255. Babu alikaa mbele ya kioo, nami nikawa nabadilisha hesabu kama mpishi anayeonjesha mchuzi.

“Bado ina kutu,” akasema. “Ongeza bluu.”

Nikaongeza.

“Bado. Ongeza.”

Tulichukua karibu saa nzima. Mwishowe akapiga goti lake kwa kiganja. “Hapo! Usiguse tena.”

Nikaandika: nyekundu 98, kijani 22, bluu 62. Nikamshukuru, nikarudi mjini. Ila nitasema kweli: machoni pangu rangi ile haikuwa damu ya mzee. Ilikuwa zambarau. Nilipopaka kichwa kizima, mjomba alipita nyuma yangu akaniuliza kwa nini treni imepakwa maji ya zambarau. Sikujua la kufanya. Nikifuata macho yangu, nampinga mzee aliyeifanya kazi ile miaka 12. Nikimfuata yeye, naandika katika karatasi ya maelezo jambo ambalo mimi mwenyewe siliamini. Na nilikuwa nimekwisha kuonja uchungu wa kuandika mambo ovyo. Basi nikanyamaza, kazi ikalala.

Muhula ulikuwa ukielekea mwisho mjukuu wake aliponiambia kwamba Babu amepasuliwa jicho. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hapo nikakumbuka jinsi alivyosogeza pua ukutani Siku ya Wazazi, na jinsi mjukuu alivyomshika mkono ngazini. Mimi nilidhani ni uzee tu. Nilipomwuliza Mwalimu wa Baiolojia, alinieleza kwamba lenzi ya jicho ikipata ugonjwa huo mara nyingi huingia umanjano, kama kioo cha taa ya zamani, nayo huizuia nuru ya bluu isipite sawasawa. Mgonjwa hajui, maana jambo lenyewe huja polepole miaka na miaka. Nikaelewa kwa nini Babu alidai bluu, na bluu, na bluu tena. Alikuwa akijaza kile ambacho jicho lake lilikipunguza.

Jumamosi moja baada ya bendeji kuondolewa nilikwenda tena. Babu alikuwa amekaa uani akiangalia majani ya migomba kana kwamba yameota usiku ule. Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha kichwa. Akarudisha shingo nyuma.

“Nani aliyepaka zambarau hii?”

Mimi sikuthubutu kujibu. Mjukuu wake akajibu, “Ni wewe, Babu.”

Tulicheka sana, hata Bibi akatoka jikoni. Lakini Babu aliacha kucheka kabla yetu. Akakaa kimya, kisha akasema, “Nilikusuta mbele ya watu kwa kupaka uongo, na mimi mwenyewe sikujua nionacho. Sasa hata ile niikumbukayo sijui ni ya karakana au ni ya jicho bovu.”

Nilihuzunika kuliko siku ile waliponicheka. Mtu aliyefanya kazi moja kwa uaminifu, kisha akaanza kuitilia shaka kumbukumbu yake uzeeni, hakuna neno la mtoto linaloweza kumtuliza. Nikaanza kufunga kompyuta.

Bibi ndiye aliyetuokoa. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. “Wewe mzee,” akasema, “ule mti wa kukorogea rangi uliokuja nao kutoka Nairobi, si ndio komeo la banda la kuku?”

Babu alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni. Siku yake ya mwisho karakanani, msimamizi wake alimpa mti ule kuwa ukumbusho. Alikuja nao katika sanduku la bati, ukakaa miaka. Kisha siku moja komeo la banda likavunjika, na Bibi, ambaye hana mchezo na vicheche, akatwaa kilichokuwa karibu.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama kweli kweli, magoti yangu katika mavi ya kuku, nikauvuta ule mti katika tundu lake. Sehemu iliyokuwa nje, iliyopigwa na jua na mvua, ilikuwa imefifia, rangi yake kama tofali bovu. Lakini sehemu iliyojificha ndani ya tundu la boriti ilikuwa nzima. Bibi aliiosha kwa maji, akaifuta kwa pindo la kanga. Babu akauchukua mti akaugeuza juani. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akachukua kisu, akakata ncha kwa mshazari kama achongaye kalamu, akatuonyesha tabaka za rangi zilizolaliana: nyekundu, kijivu cha rangi ya chini, nyekundu tena, kijivu tena. Wekundu wote ulikuwa mmoja.

“Nilikuwa na haki,” akasema taratibu. “Damu ya mzee.”

Niliomba niazimwe mti ule siku mbili. Kabla sijaondoka nilichonga komeo jipya, maana Bibi alisema wazi kwamba historia ni njema lakini kuku wake hawatalala mlango wazi. Dukani kwa mjomba nililaza mti juu ya kioo cha mashine ya kutolea nakala, pembeni yake nikaweka karatasi nyeupe, ili nione kama mashine yenyewe inasema kweli juu ya weupe kabla ya kuiamini juu ya wekundu. Kifuniko hakikufunga, nikafunika kwa kitambaa cheusi. Baadaye nikatoka nje, nikasimama kivulini, nikalinganisha mti na kioo cha kompyuta, kwa kuwa nuru ya taa na nuru ya mchana si moja. Hesabu niliyoipata ni nyekundu 94, kijani 27, bluu 30. Tazameni ile bluu: kutoka 62 imeshuka hadi 30. Tofauti hiyo ndiyo ugonjwa wa macho ya Babu, umeandikwa kwa tarakimu.

Nikalipaka gari upya. Nilimwandikia mwenye umbo, akanitumia umbo jingine lenye kipande mbali kwa kila ubavu, ili herufi zisomeke pande zote. Mwaka nikachagua 1968, herufi EAR&H, nambari ya kuanzia na 90. Wapenda treni wengi hupenda kutia masizi na vumbi ili gari lionekane limefanya kazi. Nilipomwuliza Babu kama nami nitie, alikataa. “Lipake kama lilivyotoka mlangoni kwetu,” akasema. “Uchafu lilikwenda kuupata huko mbele. Sisi halikutoka chafu mikononi mwetu.”

Wiki mbili zilizopita nilimpelekea kazi iliyokwisha. Nikaliendesha gari polepole, ubavu wa kushoto, kisha kona, kisha ubavu wa kulia. Yeye hakupiga makofi. Gari liliposimama alinyoosha mkono, akagusa kioo kwa kidole gumba, chini kidogo ya herufi ya mwisho, kisha akakitazama kidole chake. Nilimwuliza alikuwa akifanya nini.

“Mazoea,” akasema. “Naangalia kama imekauka.”

Ndugu wasomaji, gari hilo limewekwa sasa katika kompyuta ya chama cha sayansi, na kila mwanafunzi aweza kuliendesha kwa ruhusa ya mwalimu. Pamoja nalo nimeweka karatasi mpya ya maelezo. Imeandikwa mwaka, na sababu ya herufi na nambari; imeandikwa kwamba rangi ilishuhudiwa na mpaka rangi wa karakana, na kwamba ushahidi wake ulipimwa kwa mti aliokorogea rangi mwenyewe. Ile hesabu ya kwanza ya zambarau nayo sikuifuta. Nimeieleza, ili atakayekuja baada yetu ajue tulikosea wapi na tulijisahihisha vipi.

Nina ombi moja kwa wazazi na wanafunzi wenzangu. Natafuta sasa rangi za vichwa vya TRC vilivyofika Arusha miaka ya 1980. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyefanya kazi ya reli, kama kuna picha, kopo, kofia, bati, au hata komeo la banda, tafadhali niambieni. Nitakuja mwenyewe, na nikichukua komeo, nitachonga jingine kabla sijaondoka.